Marehemu Hana Chama

Katibu alisoma gazeti akiwa amesimama. Alilikunja mara nne, akalishika mkono mmoja, akazunguka uani kutoka bomba la maji mpaka ukuta wa jirani, akageuka, akarudi. Akifika ukurasa wa kumuudhi aliongeza mwendo. Sisi wa Kaloleni tulijua habari za siku ile kwa kuangalia miguu yake kabla hatujasikia redio. Mama yangu alikuwa akiinua macho kutoka kwenye karai la nguo na kusema, "Huyu leo kwa hiyo kutembea angekuwa ameshafika Nyamasaria."

Tulimwita Katibu kwa sababu alikuwa katibu wa kila kamati ya mazishi mtaani kwetu, na kwa kuwa watu hawakuacha kufa, hakuacha kuwa katibu. Zamani alikuwa karani bandarini. Alistaafu mapema, akatoka na taipureta moja, koti la kijivu na tabia ya kutazama saa. Jina lake nalijua, lakini katika miaka ishirini ya kuishi milango miwili kutoka kwake sikumsikia mtu akilitaja. Hata mkewe, aliyeuza nguo za mitumba za watoto kule Kibuye, alimwita Katibu, na alilitamka kwa namna ya mtu anayezuia kicheko.

Mtu akifa, wengi hukimbilia fundi wa jeneza. Mtaani kwetu walianza kwa Katibu. Alifika na daftari, akakataa kiti, akauliza majina, watoto, kanisa, kazi. Baadaye aliuliza swali lililokuwa likiwashtua wafiwa wapya: "Alikuwa anachukia nini?" Mjane mmoja alimwambia, "Katibu, huyu mtu amekufa jana, unataka tumseme vibaya?" Akamjibu, "Mama, kila mtu anaandikwa alipenda Mungu na alipenda watu. Nikiandika hivyo, hata wewe hutajua kama ni bwana yako tunazika ama ni mtu mwingine."

Basi wasifu zake zikawa na mstari ule mmoja. Kuhusu dereva wa lori: hakupenda kuulizwa tutafika saa ngapi. Kuhusu mama aliyeuza samaki: hakupenda mtu amege ugali kabla wengine hawajanawa. Mstari huo ukisomwa, watu waliokuwa wakilia walicheka, na waliokuwa wamekauka macho wakaanza kulia. Nimehudhuria mazishi mengi kuliko harusi na nakwambia kweli, sijaona mtu mwingine aliyeweza kumrudisha maiti kati yetu kwa mstari mmoja. Alikuwa akiandika kwa Kijaluo, ukurasa mmoja tu, hata kwa mtu aliyekuwa na shahada. Alisema asiyetosha kwenye ukurasa mmoja alikuwa watu wawili.

Kazi yake ya pili ilikuwa programu. Kila msemaji alipewa dakika tatu, na zikiisha Katibu aligonga kengele ya baiskeli aliyokuwa ameifungia kwenye kipande cha mbao. Wajomba walikatizwa. Wachungaji walikatizwa. Siku moja alimgongea kengele kaka yake mwenyewe, wakanuniana tangu Pasaka hadi Krismasi.

Miaka ya themanini, kulipokuwa na chama kimoja, wakubwa walikuja mazishini kwa nidhamu fulani ya kuchosha. Chifu alikaa mstari wa mbele, mwenyekiti wa chama wa lokesheni alisoma salamu, sote tulipiga makofi, kisha wakaondoka. Katibu aliwapa nafasi asubuhi kabla jua halijakolea, ili jioni ibaki ya marehemu. Nyumbani alifungulia redio taarifa ikianza, akasikia jina lilelile kwanza kama jana na juzi, akaifunga. Kisha aliifungua tena wakati wa matangazo ya vifo, na hakukosea hata dakika. Nilimuuliza kwa nini hasikilizi na wengine. Akasema, "Hao watatajwa kesho tena. Hawa wanatajwa mara moja."

Usidhani alikuwa shujaa. Mwenyekiti yule wa chama alipitisha dakika tatu siku moja, akafika kumi na tano akisifu uongozi, na Katibu, kwa mazoea tu nadhani, akagonga kengele. Jumatatu aliitwa ofisini, akakaa huko tangu asubuhi mpaka jioni. Aliporudi hakumwambia mtu waliongea nini. Alizunguka ua mpaka mkewe akatoka, akamshika mkono wa koti na kumwingiza ndani. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo, mwenyekiti alisema mpaka alipotosheka na kengele ilibaki mezani.

Kwa hiyo vyama vingi vilipokuja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, hakuna aliyefurahi kumshinda. Alinunua magazeti mawili, baadaye matatu. Alituita tuje tusikie. Alisoma kwa sauti maneno ambayo mwaka mmoja nyuma yangempeleka mtu jela, na akirudia sentensi tamu alipiga mguu chini. "Sasa watu wataongea habari ya maji," alituambia. "Wataongea habari ya dawa hosipitali." Siku ya kupiga kura alivaa tai.

Haikuchukua muda. Chama tulichokipenda kikagawanyika, na vipande navyo vikagawanyika. Hapa kwetu wanawake wawili waliokuwa wakichota maji bomba moja kwa miaka kumi wakaacha kusalimiana. Kinyozi mmoja alikataa kumnyoa mteja akiwa amemkata upande mmoja, kwa sababu ya picha iliyokuwa kwenye fulana yake. Magazeti yaliandika nani amemtukana nani, kesho yake yakaandika aliyetukanwa amejibu nini, na kesho kutwa yakaandika kwamba aliyetukana amekanusha. Katibu alikuwa akisoma yote matatu. Aliapa mbele yetu kwamba ameacha magazeti, na kwa wiki nzima hakununua hata moja. Wiki ya pili nikamkuta stendi, nyuma ya muuza magazeti, ameinama anasoma vichwa vya habari vilivyotandazwa chini, miwani puani, mikono nyuma.

Mkewe alicheka aliposikia. "Anasema amechoka na siasa," alimwambia mama yangu. "Mtu amechoka si analala? Huyu anatembea."

Mazishi ndiyo yaliyoumia zaidi. Mikutano ya hadhara ilihitaji kibali, na kibali kilinyimwa, lakini hakuna aliyeweza kunyima watu kuzika. Wanasiasa waliliona hilo upesi. Kila Ijumaa na Jumamosi misafara ilitoka mjini kutafuta maiti. Walichelewa kwa makusudi, jeneza likawasubiri juani, na wakifika programu ilivunjwa. Kengele ya Katibu haikusikika tena kwa sababu ya vipaza sauti. Mheshimiwa alisema saa nzima, akamwita mpinzani wake msaliti, vijana wakaimba. Alipopanda gari nusu ya watu walimfuata, na mchungaji akanong'ona, "Wasifu utasomwa na familia nyumbani." Nilimwona Katibu akikunja ule ukurasa na kuurudisha ndani ya koti. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi mno.

Nilimwona kwa sababu nilikuwepo kikazi. Nilikuwa mwandishi wa gazeti moja, mmoja wa wale wa mkoani tuliolipwa kwa urefu wa habari iliyochapwa. Mheshimiwa akiondoka na mimi niliondoka, maana niliwahi simu posta. Habari zangu zote zilianza namna moja: akizungumza jana katika mazishi ya fulani, Mheshimiwa alisema. Nilikuwa nikiiandika sentensi hiyo bila kuifikiri, jinsi mtu anavyofunga kamba ya kiatu.

Asubuhi moja Katibu alikuja mlangoni kwetu na kipande cha gazeti. Hakuamkia. Aliniita nyathina, yaani mwanangu, na alipokuwa na hasira neno hilo lilikuwa zito kuliko tusi.

"Nyathina, huyu umeandika ni nani?"

Nikatazama. Ilikuwa habari yangu ya jana yake, mazishi ya mkunga wa mtaa wetu. "Si ni yule mama mkunga."

"Soma jina."

Nikasoma. Nilikuwa nimeandika jina la dada yake.

"Huyo umezika yuko hai," Katibu akasema. "Alikuwa amekaa pale mbele analia. Na huyo mwenye amekufa alizalisha nusu ya hii estate. Na wewe alikuzalisha."

Nikaanza kujitetea. Nilisema nilisoma habari kwa simu, laini ilikuwa mbaya, mhariri aliniharakisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya kwa wengi.

"Na maneno ya Mheshimiwa? Ulikosea hata moja?"

"Hapana."

"Basi," akasema, akaniachia kile kipande, akaenda zake.

Nililia, na nililia kwa hasira, kwa kuwa alikuwa na haki. Baada ya hapo nilijaribu kuweka mistari miwili juu ya marehemu mwanzoni mwa habari, na mhariri akaifuta kila mara. Akaniuliza kwenye simu kama nimeanza kuandika matangazo ya kanisa. Pole kwa pole nikaanza kuchoka kama Katibu, na uchovu huo ukatufanya marafiki. Jioni nilizunguka naye uani, yeye na gazeti lake, mimi na langu, tukisomeana upuuzi na kukasirika pamoja. Mama alisema sasa ni wazimu wawili. Nakiri nilizipenda zile jioni. Ni raha ya ajabu kuwaona watu wote wa mji wamepotea isipokuwa ninyi wawili, na sisi tulijiona hivyo bila aibu yoyote.

Mkewe alifariki msimu wa mvua za masika. Aliugua siku tisa tu. Katibu alirudi kutoka hospitali, akatoa taipureta, na kabla jioni haijaingia ukurasa ulikuwa tayari. Nilishangaa. Nilijua alivyofanya kazi, alivyozunguka kwa ndugu na kwa wenzake wa marehemu na daftari. Safari hii hakumuuliza mtu. Nilipogusia kwamba pengine wanawake wa Kibuye wangekuwa na la kusema, au dada yake wa kule Ahero, alinikata.

"Nimekaa na yeye miaka thelathini. Nitauliza nani?"

Kisha akaniambia alichokusudia. Alisema ameona maiti za watu zikinyang'anywa mazishi yao na yeye amesimama hapo na kengele. Ya huyu hawatayanyang'anya. Hakuna mtu atashika kipaza sauti juu ya mke wake kuongea habari ya chama. "Marehemu hana chama," akasema. Alikuwa amelisema mara nyingi kwenye kamati, lakini siku hiyo alilisema mara mbili. Nilitamani afaulu. Sijawahi kutamani jambo la mtu mwingine kiasi hicho.

Kumfukuza Mheshimiwa haikuwezekana. Kwetu mtu akija msibani hafukuzwi, hata awe adui. Kwa hiyo Katibu alipanga kumzunguka. Redioni alitangaza maziko saa nane mchana. Kwa mdomo, jamaa kwa jamaa, alipeleka habari kwamba yatakuwa saa nne asubuhi. Kwa watu wa kwao na marehemu, ambao boma lao liko ng'ambo ya Ahero kwenye mashamba ya mpunga, alimtuma binamu yake. Maji yalikuwa yamefunika barabara ya kule. Binamu alifika Ahero, akaona hakuna njia, akamwachia mwenye duka ujumbe aupeleke maji yakipungua, akarudi akasema amefikisha. Hakuwa na nia mbaya. Aliona ameacha neno kwa mtu anayewajua, na kwake hiyo ilikuwa kufikisha.

Siku yenyewe nilitoka mjini mapema. Nyumbani kwa Katibu ni Seme, kwenye mteremko unaotazama ziwa, na nilipofika saa nne ilikuwa imepita. Jeneza lilikuwa chini ya turubai, mchungaji amevaa joho, kaburi tayari. Katibu alikuwa akizunguka turubai. Watu wa upande wa mke hawakuwa wamefika, na mzee wa ukoo alikuwa amekataa kata kata.

"Hatuwezi kufunika mtoto wa watu kabla watu wa kwao hawajamwona," mzee alisema. "Hiyo tangu lini?"

Katibu alisema wasubiriwe. Lazima niliseme hili, kwa kuwa baadaye watu walimwandama kana kwamba hakujali. Alisema wasubiriwe, na alimaanisha.

Mimi ndiye niliyemwendea. Nilipopita mbele ya hoteli mjini nilikuwa nimeona magari ya msafara yanapakia vijana na vipaza sauti, na mmoja wao akaniuliza, "Dada, ni saa nne, si saa nane, sivyo?" Kuna mtu alikuwa amewatobolea siri. Ningeweza kunyamaza. Wangefika, na watu wa Ahero wangefika, na yangekuwa mazishi kama mengine. Lakini nilikuwa upande wa Katibu, na nilitaka tushinde.

"Jaduong', mzee wangu, wanakuja," nikamwambia. "Wanajua saa."

Akasimama. "Wako mbali?"

"Nusu saa hivi."

Akatazama barabara. Akatazama jeneza. Mzee wa ukoo alikuwa amesogea kutusikia. Katibu akasema kwa sauti ndogo, "Mchungaji, anza." Mzee akatupa fimbo yake chini, akaondoka chini ya turubai, hakurudi mpaka mwisho.

Katibu alisoma ukurasa wote mwenyewe. Kwa miaka mitatu nilikuwa sijasikia wasifu alioandika ukisomwa toka mwanzo hadi mwisho. Alisema jinsi mkewe alivyokunja nguo za watoto kufuata umri, ili mama akija aambiwe mtoto avue kiatu tu, mguu upimwe kwa macho, na nguo yake inajulikana. Alisema jinsi alivyomcheka mumewe na jinsi kicheko hicho kilivyomlinda na mambo mengi. Na akasoma mstari ule uliongojewa na wote: hakupenda kelele. Watu wakatikisa vichwa. Ziwa lilikuwa tulivu, hakuna aliyekohoa, na mimi nikajisemea tumeweza. Saa tano kasoro udongo ulikuwa umefunika.

Msafara uliingia muda mfupi baadaye. Mheshimiwa aliona kaburi limezibwa, akasimama kidogo, kisha akaomba kipaza sauti chake mwenyewe kishushwe kwenye gari. Akasema. Alisema hasa, zaidi ya saa moja, amesimama karibu na maua mabichi, kuhusu wasaliti na mgawanyiko na kiti chake. Vijana waliimba. Katibu alikaa na mikono magotini, hakuinua kichwa.

Na katikati ya hotuba hiyo wakaja watu wa Ahero. Waliamini saa ya redio, wakawahi hata hivyo ili wasichelewe. Walitoka barabarani mbio wakilia kama ilivyo desturi, suruali na leso zimelowa mpaka magotini kwa maji ya mafuriko ya Kano. Mbele alikuwa dada wa marehemu, mdogo wake. Alipita katikati ya wanaoimba, akafika kwenye udongo, akasimama. Kilio kikamkatika. Akageuka akamtafuta Katibu kwa macho, akamwendea.

"Yuora," akamwita, kama wanavyoitana shemeji kwa shemeji. "Dada yangu ako wapi?"

Kipaza sauti kilikuwa kikiendelea. Yule mama aliinama, akagusa udongo kwa kiganja, akawaambia wenzake waondoke. Hawakuketi. Hawakunywa hata maji.

Sikuandika habari yoyote siku ile, lakini mwenzangu wa gazeti jingine aliandika. Nilinunua nakala kesho yake. Ilisema akizungumza jana katika mazishi huko Seme, na jina la marehemu halikuwemo kabisa. Mwisho wa mwezi niliacha gazeti, nikapata kazi ya ofisi kwenye chama cha ushirika cha wakulima. Katibu naye aliacha kamati. Walimfuata mara kadhaa, akawaambia watafute mtu mwingine. Baadaye alihamia Seme, nyumba ya Kaloleni ikapewa mpangaji.

Kwa miaka sikumwona. Nilimtetea kila aliposemwa, na wakati huohuo nilikwepa njia ya Seme. Nilijieleza kwamba tulifanya jambo la heshima likaharibiwa na mafuriko na mwenye duka. Nilijieleza hivyo nikioga, nikipika, nikingojea usingizi, na mtu aliyetulia hahitaji kujieleza mara nyingi hivyo.

Muongo ulipokuwa unakaribia kwisha nilitumwa Ahero na ofisi, kazi ya mpunga. Nilipotoka sokoni nikamwona Katibu kando ya barabara, amekonda, koti lilelile, mfuko wa sukari na majani ya chai mkononi. Alinisalimia kana kwamba tuliachana jana.

"Mungu amekuleta," akasema. "Mtu haendi kwa wakwe peke yake. Ungekuwa mwanaume ingefaa zaidi, lakini leo nimekosa mtu."

Njiani, tukifuata mfereji wa maji, alinieleza kwamba hii ni mara ya nne. Mara ya kwanza alikuta mlango umefungwa. Ya pili aliambiwa shemeji hayupo, na alikuwa akimsikia akikohoa ndani. Ya tatu walipokea sukari, yeye hawakumpokea. Alitembea haraka, na mimi nilikuwa nikihema nyuma yake. Nilitaka kurudi. Nilimwambia hivyo, hakunisikia au alijifanya hakunisikia.

Safari hii dada alikuwa nje, anapepeta mchele kwenye ungo. Alitutazama tukiingia. Akatuonyesha viti kwa kidevu, akaendelea na kazi yake. Tukaketi. Mimi nilishindwa kuvumilia, nikasema kwamba siku ile ni mimi niliyemwambia Katibu msafara uko njiani, na kwamba nusu ya kosa ni langu.

"Nilikuona," akasema. "Umeshika kalamu."

Katibu akatoa ule ukurasa ndani ya koti. Alisema hakuja kuomba asamehewe, amekuja kusoma, kwa sababu dada alinyimwa kusikia. Akasoma. Nguo zilizokunjwa kwa umri, kicheko, yote. Yule mama alipepeta taratibu zaidi, kisha akaacha kabisa. Katibu alipofika kwenye mstari wa hakupenda kelele, akainua mkono.

"Simama hapo. Nani hakupenda kelele?"

"Dada yako," Katibu akasema.

"Dada yangu?" Aliweka ungo chini. "Huyo alikuwa anafunga meza yake ya Kibuye mapema akimbie mkutano. Anasimama mbele kabisa. Akikuja hapa hana sauti, siku mbili tunaongea na yeye kwa mikono. Ananionyesha vile Mheshimiwa anarusha mkono, vile anafuta jasho. Tunacheka mpaka mbavu inauma. Huyo angesikia Mheshimiwa amekuja kwa matanga yake, na ametaja jina yake kwa maiki, angeamka apige vigelegele."

Nilimgeukia Katibu kwa huruma, nikidhani jambo hilo linamwangukia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Hakuonekana kushtuka. Alikuwa akiutazama ukurasa.

"Najua," akasema. "Uwanja uko karibu na nyumba. Nilikuwa nasikia vigelegele, najua hiyo ni yake. Akirudi ananipa habari ya soko. Na mimi namuuliza habari ya soko."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaandika hivyo."

"Nikaandika hivyo."

"Kwa nini, yuora?"

Mimi nilijua atasema nini, kwa kuwa nilikuwa nimelisema naye jioni nyingi tukizunguka ule ua, na nililisema tena nikimwachia mhariri kazi yake, na sikuwahi kuona aibu kulisema.

"Nilikuwa nimechoka," akasema Katibu.

Yule mama alimtazama. Hakukuwa na ukali usoni mwake.

"Wewe ndio ulikuwa umechoka," akamwambia. "Yeye alikuwa hajachoka."

Akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta. Hakutuambia tuondoke, na Katibu alibaki ameketi, ukurasa magotini.